Masikio Manane ya Mwalo wa Segese

Siku Abdulwahab alipoegemeza nondo kwenye karasha namba tatu na asisikie kitu, alifanya kama alivyofanya kwa miaka kumi na tisa. Alifumba macho, akahesabu moyoni mpaka kumi, akaondoa nondo, akasema, "Hili zima. Sageni."

Wakasaga. Hakuna aliyemtilia shaka, kwa sababu kwenye mwalo wa Hemal pale Segese, mahali pa kusagia mawe ya dhahabu kwa makarasha, fundi akiweka nondo hata wachimbaji waliolewa walikuwa wananyamaza. Wenye mawe walisimama na mifuko yao, wakimtazama usoni kama watu wanaosubiri daktari atoke chumbani.

Nondo yenyewe ilikuwa kipande cha urefu wa mkono. Ncha moja aliinoa, nyingine aliisugua mpaka ikawa laini kama kijiko. Ile kali inakaa juu ya nyumba ya beringi, ile laini inakaa kwenye mfupa nyuma ya sikio, na chuma kinaleta habari. Unasikia gololi zinavyoporomoka ndani ya pipa zikiponda mawe ya dhahabu. Unasikia mkanda unavyoburuza. Na ndani kabisa, chini ya makelele yote hayo, unasikia beringi. Beringi nzima inapumua kama mtu anayepuliza uji wa moto. Inayoanza kufa inatafuna.

Mwalo ulikuwa na makarasha manane, yamepangwa safu moja juu ya sakafu moja ya zege, chini ya mabati. Kila pipa likijaa mawe na gololi lina uzito wa kumponda ng'ombe. Beringi ikivunjika wakati pipa linazunguka, pipa linaweza kutoka kwenye kiti chake na kuondoka na aliye mbele yake. Kwa hiyo neno "zima" halikuwa neno la kusema hivi hivi, na Abdulwahab alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale. Siku ile alirudi nyumbani, akawekewa chai.

Mkewe, Mwasiti, alikuwa ameshaona. Shemeji yake alikuwa amemnong'oneza kwamba msikitini mumewe, Baba Amira, siku hizi anaitikia amina wenzake wameshanyamaza.

"Leo umesikiliza makarasha?" akamuuliza.

"Nimesikiliza."

"Kwa sikio gani?"

Abdulwahab akashika kikombe.

"Nakuuliza, Baba Amira, kwa sikio gani? Maana nimekuita mara tatu hapa, hiyo chai unayoishika imepoa."

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Tangu alipomaliza darasa la saba alikuwa amejificha nyuma ya kazi, na kazi ilimsitiri vizuri. Mchana kwenye makarasha, jioni kwenye redio za watu alizozitengeneza barazani. Sasa akaeleza kwa sauti ndogo: la kulia lilianza kufifia tangu mfungo wa mwaka jana, na la kushoto linafuata njia ile ile. Makelele ya miaka yote hiyo yameyala yote mawili.

"Ukisema kweli, watakufukuza," Mwasiti akasema. "Ukinyamaza, pipa litamlalia mtu. Sasa hebu niambie, mtu akikuletea redio iliyokufa spika, unaizika?"

"Naifungia spika nyingine."

"Haya basi."

Akainuka kwenda kupasha chai moto, akamwacha na neno hilo.

Spika nyingine. Abdulwahab alikuwa na debe la takataka za redio, na ndani yake mlikuwa na ving'ora vibovu vya pikipiki. Kila king'ora kina kisahani cha shaba kisichozidi sarafu. Ukikipa umeme kinalia. Jambo ambalo watu wengi hawalijui, na yeye alilijua kwa kulehemu tu, ni kwamba ukikitikisa, chenyewe kinatoa umeme. Akakibandika kisahani kimoja kwenye nyumba ya beringi kwa gundi ya chuma, akakiunga na redio ya zamani, akavaa vifaa vya masikioni. Karasha likaingia kichwani kwake kama treni.

Lakini lilikuwa bado linapita kwenye sikio lilelile bovu. Alitaka kuona, si kusikia. Na nyumbani ilikuwepo kompyuta ya zamani ya Amira, binti yao muuguzi wa Geita, aliyeiacha alipopata mpya. Abdulwahab aliwahi kuona kwenye studio ya waimbaji wa qaswida jinsi sauti inavyotembea kwenye kioo kama mstari wenye milima na mabonde. Mstari mmoja kwa kila kipaza sauti. Yeye alihitaji minane.

Akaenda Shinyanga mjini, kwenye duka la Bi Gulnaz. Bi Gulnaz alikuwa mama wa miaka sitini na ushei, mzaliwa wa hapo hapo mjini, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Marehemu mumewe alirekodi harusi za mkoa mzima, na yeye ndiye aliyekuwa akizichambua sauti. Njia nzima Abdulwahab alikariri swali lake. Alipofika, kaunta ilikuwa imejaa vijana wa muziki wakibishana kwa sauti kubwa, na swali likamtoka akilini.

"Nataka ya matundu manane," akasema. "Au zaidi."

"Ya kazi gani?"

Vijana wakageuka kumtazama. "Ya kwaya," akasema.

Bi Gulnaz akaitazama baraghashia yake. Akamletea miksa ya matundu kumi na sita yenye vitufe vya rangi kama soko la nyanya, na waya wa kuchomeka kwenye kompyuta. Abdulwahab akayahesabu matundu mara mbili, akaridhika, akaondoka bila kuuliza neno.

Ilimchukua siku tatu kugundua kosa. Alibandika visahani vinane, kimoja kwa kila karasha, akavichomeka, akawasha kompyuta, na kwenye kioo ikatokea mistari miwili. Akachomoa, akachomeka upya, akabadilisha waya. Miwili. Ile miksa ilikuwa inapokea sauti kumi na sita, inazikoroga pamoja, halafu inaipa kompyuta mbili tu, ya kushoto na ya kulia. Kwa kwaya inatosha kabisa. Kwa makarasha manane ni uji wa mtama: huwezi tena kuchagua punje.

Mtu mwingine angerudi dukani akalalamika. Abdulwahab aliona haya kurudi kwa sababu ya ile kwaya. Badala yake akaenda gulioni, akanunua vikadi vya sauti, vile vidogo kama kidole vinavyochomekwa kwenye kompyuta ili uvae vifaa vya masikioni. Vinane. Akaviunga vyote kwenye kigawanyio kimoja. Na safari hii mistari minane ikatokea kwelikweli, ikaanza kutembea kwenye kioo, mmoja chini ya mwingine. Akakaa akaitazama mpaka macho yakamwuma. Hakumwambia mtu.

Ndaki, msimamizi wa makarasha, ndiye aliyeziona nyaya. Ndaki alikuwa Msukuma mrefu, mcheshi, asiyevaa viatu akiwa kazini.

"Mwangaluka, Baba Amira," akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

"Mhola?"

"Mhola duhu."

"Sasa mbona unayafungia makarasha hirizi?"

"Ni vya kupimia."

"Kupimia? Nondo imekukosea nini?"

Abdulwahab akajifanya anakaza skrubu.

Siku ya Jumanne ndipo Ndaki alipokuja kwake hana utani. "Kuna kitu kinagonga," akasema. "Nakisikia kwa nyayo. Kiko ndani ya zege, tak, kimya, tak, kimya. Nimetembea safu nzima na sijui kinatoka karasha lipi. Njoo uweke nondo."

"Nitaangalia," Abdulwahab akasema.

Hapo lazima ieleweke kwa nini kazi ilikuwa ngumu. Sakafu ya zege ni moja. Karasha moja likigonga, mshindo unasafiri kwenye zege na jirani zake wote wanatikisika. Ukiangalia ukubwa wa mtikisiko unaweza kudanganyika, maana kisahani kimoja kimebandikwa vizuri na kingine vibaya. Kitu kisichodanganya ni nani aliyesikia kwanza. Aliyesikia kwanza ndiye mwenye ugonjwa, wengine wamepelekewa habari. Tofauti yao ni ndogo mno, hata kufumba na kufumbua ni kipindi kirefu, lakini kompyuta ukiivuta karibu inakuonyesha.

Abdulwahab aliyajua hayo kwa akili yake mwenyewe. Aliona pia kwamba vile vikadi vinane havianzi kwa pamoja, kila kimoja kinaamka kwa wakati wake. Basi asubuhi ya Jumatano, kabla makarasha hayajawashwa, akapiga zege kwa nyundo mara moja, akaisogeza mistari yote minane mpaka alama ya nyundo ikakaa mahali panapostahili kwenye kila mstari. Akatabasamu peke yake. Kufikia saa nne mlio ulikuwa unaonekana wazi, miba midogo kwenye mistari yote, na mwiba wa namba sita ulitangulia.

"Ni namba sita," akamwambia Ndaki.

"Umeweka nondo?"

"Ni namba sita."

Wakazima karasha namba sita. Wakatoa gololi zote, wakafungua mkanda, wakalinyanyua pipa kwa mnyororo. Kazi ya kutoa jasho hadi alasiri. Wenye mawe wakajaa kuzunguka, na mbele yao Dorah, mfanyabiashara wa mawe kutoka Mwakitolyo, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha lori, ambaye mifuko yake ilikuwa kwenye foleni. Ndaki akaifungua nyumba ya beringi, akaipangusa kwa kitambaa.

Beringi ilikuwa inang'aa.

"Jamani!" Dorah akapiga kelele. "Beringi ina meno mazuri kuliko yangu! Fundi, kesho unafungua lipi? Tuje na mikeka?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na katikati ya kicheko Hemal akafika. Alikuwa mwenye mwalo, mtu wa makamo, mjukuu wa wauza vitambaa wa Shinyanga, anayeongea Kisukuma cha kuwazidi vijana wengi wa mjini.

"Fundi," akasema, "sijakuuliza kuhusu nyaya zako, nimekuheshimu. Lakini niambie. Kwa nini hukuweka nondo?"

Abdulwahab akatazama chini. Watu walikuwa wengi, na kila jicho lilikuwa kwake. Maisha yake yote alikuwa akikimbia mahali kama hapo.

"Sikio langu limekufa, bosi," akasema.

Kicheko kikakatika.

"Tangu lini?"

"Tangu mfungo wa mwaka jana."

"Na haya makarasha ulikuwa unayapitisha kwa kutumia nini?"

"Kwa mkono. Kwa kuangalia rangi ya grisi. Kwa mazoea. Juzi juzi hata hivyo vilinishinda. Nilisema zima na sikusikia kitu."

Dorah akasema taratibu, "Yesu wangu," akasogea nyuma hatua mbili mbali na karasha.

Hemal hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga. "Fundi Nassibu wa Geita nitamwita Jumamosi," akasema. "Mpaka hapo tutasaga nusu mzigo. Na wewe usiliguse karasha lolote."

"Na hicho kinachogonga?" Ndaki akauliza. "Mimi bado nakisikia."

Hemal alikuwa ameshageuka kurudi ofisini.

Usiku hakulala vizuri, na asubuhi alikuwa mtu wa kwanza kwa Bi Gulnaz. Duka lilikuwa tupu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kwaya inaendeleaje?"

"Hakuna kwaya," Abdulwahab akasema. Na kwa kuwa jana yake alikuwa ameshasema mbele ya watu wote jambo gumu kuliko hilo, mengine yakatoka yenyewe. Akaeleza nondo, visahani, miksa iliyokoroga uji, vikadi vinane vya gulioni, nyundo ya asubuhi, beringi iliyong'aa. Bi Gulnaz alisikiliza bila kumkatiza, mkono kwenye shavu.

"Ulipiga nyundo saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi."

"Na ukasoma saa ngapi?"

"Saa nne."

Akamshika mkono, akamgeuza kuelekea ukutani palipotundikwa saa za kuuza, kama kumi hivi. "Zote nilizipanga Ijumaa iliyopita kwa redio, dakika ile ile. Zitazame sasa."

Abdulwahab akazitazama. Hakukuwa na mbili zilizokubaliana.

"Kila kikadi kina saa yake tumboni," Bi Gulnaz akasema. "Kinahesabu sauti kwa saa hiyo, maelfu ya mara kwa sekunde. Kimoja kinakwenda mbio kidogo, kingine kinajivuta. Asubuhi uliwapanga mstari, saa nne wameshatawanyika. Namba sita hakusikia kwanza, baba. Saa yake ilikuwa mbele."

Abdulwahab akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Ungeniuliza siku ile ile," Bi Gulnaz akasema, "nami ningekuuliza. Sauti ngapi zinaingia, hilo uliliona. Ngapi zinafika kwenye kompyuta kila moja peke yake, hilo hukuliuliza. Na zinahesabiwa na saa ngapi? Hilo hata vijana wangu wa studio hawaliulizi. Wewe unataka ziingie nane, zifike nane, na saa iwe moja."

Akaingia stoo, akarudi na sanduku jeusi lenye vumbi. Halikuwa na taa za rangi wala vitufe vya kupendeza. Matundu manane mbele, waya mmoja nyuma. "Watu wa harusi hawalitaki," akasema. "Haliwakiwaki. Lakini usilichukue kwa maneno yangu. Chomeka hapa, uone."

Wakachomeka kompyuta ya Amira. Mistari minane. Abdulwahab akatoa mfukoni visahani viwili, akavilaza kaunta, akagonga katikati kwa msumari. Miba miwili ikakaa sawasawa, mmoja juu ya mwingine. Wakanywa chai, wakaongea habari za mvua, akagonga tena baada ya saa nzima. Sawasawa vile vile. Alicheka kwa sauti, kitu ambacho hakuwa amekifanya mbele ya mgeni kwa muda mrefu.

Ikabaki programu. Ya kwanza ambayo Bi Gulnaz alimwonyesha ilikuwa nzuri machoni, ya kurekodia nyimbo, ina vioo na rangi. Abdulwahab akabandika kisahani kwenye mota ya feni ya dukani. Mstari ukatikisika kidogo, kisha ukalala kimya kama maji ya lambo.

"Feni imezimika?" akauliza, maana hakuwa na uhakika.

"Inazunguka. Programu inasafisha kelele yenyewe, ili mwimbaji asikike. Imeiona mota ni takataka."

"Bibi, imemfuta mgonjwa."

"Imefanya kazi yake."

"Kwangu mimi kelele ndiyo kazi."

Bi Gulnaz akacheka mpaka miwani ikaanguka kwenye uzi wake. Akamwekea nyingine, ya bure, isiyo na sura, ya kijivu kama gunia. Ilionyesha mistari minane bila kuipamba, na ilikuwa na kitufe kimoja cha kuchuja: unaikata sauti nene, inabaki nyembamba. Maandishi yake yalikuwa ya Kiingereza, ambacho Abdulwahab hakukijua, lakini picha ya ungo uliokuwa juu ya kitufe hicho aliielewa mara moja. Akachagua hiyo.

"Lichukue sanduku," Bi Gulnaz akasema. "Nina amplifaya nne mbovu hapo nyuma. Ukimaliza kuokoa watu, njoo unitengenezee."

Ijumaa asubuhi Ndaki alimkuta mlangoni mwa mwalo na sanduku begani.

"Bosi amesema usiguse karasha."

"Visahani bado vimebandikwa. Nitagusa waya tu."

Ndaki akafikiri, akajikuna kichwa. "Waya siyo karasha," akasema. "Pita."

Haikuwa rahisi. Mistari ilipotokea yote ilikuwa minene kama viwavi, na haikuwa sauti bali mngurumo wa umeme, kwa kuwa nyaya zake zilipita ubavuni mwa nyaya kubwa za mota. Akazihamisha zote, akazipitisha juu kwenye mbao za paa, kompyuta akaiweka ndani ya chumba cha mlinzi ili isile vumbi la mawe. Viwavi vikakonda. Halafu akachuja. Gololi zina sauti nene, zikaondoka zote kwa pamoja kana kwamba mtu amefunga mlango. Kilichobaki kilikuwa chembamba, na ndani yake, kila mara pipa moja likimaliza mzunguko, mwiba.

Akauvuta karibu. Wa namba nne ulitangulia. Tatu na tano zikafuata, kwa pamoja. Kisha mbili na sita, kwa pamoja. Kisha moja na saba, na namba nane ya mwisho kabisa. Kama jiwe lililodondoshwa katikati ya lambo, mawimbi yakienda pande zote mbili.

Hakukimbia kwenda kusema. Alikaa saa nzima, akatazama tena. Vile vile. Ndipo akamwita Ndaki, akamwonyesha kwa kidole bila maelezo mengi. Ndaki akainamia kioo, midomo ikitembea.

"Huyu anasikia kwanza," Ndaki akasema polepole. "Halafu jirani zake. Halafu jirani wa jirani." Akanyanyuka. "Toba. Ni namba nne."

Ndani ya namba nne yalikuwa mawe ya Dorah. Naye alikuwa amesimama palepale mbele ya pipa, mikono kiunoni, akisimamia mali yake.

"Hamfungui!" akasema. "Juzi sita, leo nne, kesho mtafungua tumbo langu! Mtu kiziwi anatuambia nini kuhusu sauti?"

Hemal akatoka ofisini. Akasikiliza pande zote mbili, akaingia chumba cha mlinzi, akatazama kioo kwa muda mrefu. "Fundi, ukikosea tena?"

Abdulwahab alimtazama usoni. "Juzi nilikuwa na saa nane na kila moja ilisema lake. Leo nina moja. Sijakosea, bosi. Mwondoe yule mama pale, halafu uzime."

Hakuna aliyewahi kumsikia akimwamuru mtu. Hemal mwenyewe akainua mkono, na namba nne likazimwa.

Walifungua baada ya swala ya Ijumaa. Ndaki alipoinua kifuniko cha nyumba ya beringi, ilitoka grisi nyeusi yenye chembe zinazometa, na watu waliokwisha kuona dhahabu maisha yao yote walijua hiyo siyo dhahabu. Ni chuma kilichosagika. Ngome ya beringi, ile bangili inayoshika vigololi, ilikuwa vipande vitatu. Vigololi viwili vimepasuka. Ndaki akapangusa ekseli iliyokuwa chini yake, akapitisha ukucha, na ukucha ukanasa. Ufa ulikuwa umeizunguka ekseli zaidi ya nusu.

"Ilikuwa imebaki siku moja," akasema kwa sauti iliyokauka. "Au saa moja."

Kila mtu akageuka kutazama mahali Dorah alipokuwa amesimama asubuhi. Naye akapatazama. Akakaa chini juu ya mfuko wake wa mawe, akafunika uso kwa khanga, mabega yakatetemeka. Walidhani analia. Alipofunua uso akapiga kigelegele kirefu, kikagonga mabati, na wanawake waliokuwa wakiosha mchanga kwenye madimbwi wakakiitikia bila kujua kuna nini. Vijana wakambeba Abdulwahab juujuu. Yeye akipiga miguu hewani, "Niteremsheni, niteremsheni jamani, kompyuta iko wazi!" Na Ndaki akicheza mbele yao peku juu ya zege, akiimba wimbo aliouzua papo hapo, wa mtu aliyepoteza masikio mawili akarudi na manane.

"Kuanzia leo," Hemal akasema walipotulia, "hakuna karasha linalowashwa hapa kabla huyu hajatazama kioo chake." Kisha kwa sauti ya chini, kwa Abdulwahab tu, au alidhani ni ya chini, maana ilibidi airudie: "Lakini siku ile ungeniambia."

"Kweli, bosi. Ningekuambia."

Mwasiti alipopata habari, alikuja mwenyewe mpaka mwaloni na sufuria ya pilau kichwani. Alimpakulia mumewe kwanza, sahani iliyojaa mpaka ukingoni, na nyama ikawa yote upande wake.

Jumamosi Fundi Nassibu alifika kutoka Geita. Hakuna aliyekumbuka kumpigia simu asije. Alikuwa fundi mwenye jina kubwa, mnene, ndevu za mvi, nondo yake ameifunga kwenye kitambaa cheupe. Abdulwahab akampeleka chumba cha mlinzi na kumweleza kila kitu kwa utaratibu: kwa nini sanduku hili na siyo miksa, kwa nini saa moja, kwa nini programu isiyosafisha. Aliongea karibu nusu saa. Ndaki aliyekuwa mlangoni baadaye aliapa kwamba katika miaka kumi na tisa hakuwa amesikia maneno mengi kiasi hicho kutoka kinywani mwa Baba Amira.

Fundi Nassibu hakuuliza swali hata moja. Alitazama mistari minane ikitembea, nondo yake mapajani. Mwishowe akamtupia Ndaki jicho la kumwondoa, na Ndaki akaondoka. Akainama karibu na Abdulwahab, akasema kwa sauti kubwa kidogo, kama wanavyosema watu wasiojua tena sauti yao ina ukubwa gani:

"Mimi huu ni mwaka wa pili. La kushoto ndilo lililoanza. Hata mke wangu hajui."

Abdulwahab akainuka, akampa kiti chake mbele ya kompyuta.

"Kaa hapa, kaka," akasema. "Tunaanza na huu mstari wa juu."